Rais Akiongea na Watoto Wetu, Sisi Wazazi Tunaogopa Nini?

(Hii ni hotuba niliyotoa kwa mkutano wa wazazi na walimu hapa Kisumu. Mvua iliwazuia wengi na wengine walikuwa matangani, wakaomba niiweke yote. Basi iko hapa vile niliisema, picha za ukutani tu ndio nimeacha.)

Bwana mwenyekiti, walimu wetu, wazee, akina mama, wazazi wenzangu, amosou uduto, nawasalimu nyote.

Nimeombwa niongee juu ya siasa na watoto wa shule, na sote tunajua kwa nini. Muhula uliopita kiongozi mmoja alikuwa apitie shule fulani hapa karibu, mwishowe hata hakufika, lakini tayari tulikuwa tumegawanyika. Kuna wazazi walitaka watoto wafundishwe wimbo wa kumsifu na wavalishwe tisheti za rangi ya chama, na kuna wengine walisema siku hiyo mtoto wangu hatoki kwa geti, heri akose masomo kuliko kumsikiza yule mtu. Kwa grupu ya WhatsApp watu walitukanana mpaka usiku, na ni majirani, watu wanazikana, watu wanakopeshana unga.

Sasa nauliza, hao watoto wenyewe nani aliwauliza? Nani hapa aliketi na mtoto wake akamwambia, wewe huyo kiongozi akija ungetaka kumuuliza nini? Mkono juu. Naona mikono miwili, na mmoja ni wa mwalimu.

Wacha niwapeleke Marekani kidogo, si kwa sababu wao wanajua kutuliko, ni kwa sababu walipigana vita hii hii na ni rahisi kuona kosa la mtu akiwa mbali.

Septemba 2009 Barack Obama alikuwa hata hajamaliza mwaka kwa kiti. Ikulu yao ikatangaza kwamba tarehe 8, shule zikiwa ndio zinafunguliwa, rais ataongea na wanafunzi wa nchi nzima akiwa Wakefield High School, kule Arlington, Virginia. Rais awaambie watoto wasome, ndio hiyo tu.

Moto ukawaka! Mwenyekiti wa chama pinzani cha Republican jimbo la Florida, anaitwa Jim Greer, akatoa taarifa kwamba Obama anatumia pesa za umma kuwajaza watoto itikadi ya ujamaa. Wazazi wakaanza kupigia shule simu, wengine wakasema siku hiyo mtoto atabaki nyumbani. Kuna shule, Texas na kwingine, zilikataa kuionyesha ikitolewa, zingine zikamwachia kila mwalimu aamue, zingine zikasema mzazi asiyetaka aombe mtoto wake atolewe darasani. Na kumbukeni tangu Agosti nchi ilikuwa imechemka juu ya bima ya afya, kwa hivyo watu walikuwa tayari na hasira, ilikuwa inatafuta tu pahali pa kushukia, ikashukia shule.

Na walikuwa wanapigania hotuba ambayo hakuna mtu ameisoma. Mnanisikia? Hakuna mtu alikuwa ameisoma!

Lakini tuwe wa haki, kulikuwa na kitu. Wizara ya elimu, waziri akiwa Arne Duncan, ilikuwa imewatumia walimu mwongozo wa somo wa kuendana na hiyo hotuba, na ndani kulikuwa na zoezi moja, watoto wajiandikie barua waseme watafanya nini kumsaidia rais. Kumsaidia rais. Hapo ndipo mzazi wa chama kingine alishtuka, na mimi nasema alikuwa na haki ya kushtuka, juu mtoto hapelekwi shule kumsaidia rais, anapelekwa shule rais amsaidie yeye. Ikulu ikakubali hayo maneno hayakukaa vizuri, ikayabadilisha, ikawa mtoto aandike vile atafikia malengo yake ya masomo. Alafu wakafanya kitu kingine cha maana, siku moja kabla, Jumatatu tarehe 7, wakaiweka hotuba yote kwa mtandao kila mzazi aisome kwanza.

Na ilikuwa inasema nini? Aliwaambia watoto baba yake aliondoka yeye akiwa na miaka miwili, akalelewa na mama. Wakiishi Indonesia mama hakuwa na pesa za kumpeleka shule ya watoto wa Wamarekani, kwa hivyo akawa anamwamsha saa kumi na nusu alfajiri, Jumatatu mpaka Ijumaa, amfundishe mwenyewe. Mtoto anasinzia mezani, analalamika, mama anamwambia hata mimi unafikiri hii ni raha kwangu? Akawaambia ukiacha shule hujajiangusha wewe peke yako, umeiangusha na nchi yako. Akawaambia hata waoshe mikono, juu mwaka huo kulikuwa na ile homa iliyokuwa inasambaa dunia nzima. Kuhusu chama hakuna neno, na bima ya afya hakuitaja. Yule Greer mwenyewe akishaisoma akasema ni hotuba nzuri, hata watoto wake wangeiangalia.

Na huyo baba aliyeondoka mnamjua. Ni mtu wa Kogelo, alisoma Maseno, hapo tu mbele mnakopitia mkienda Luanda. Hiyo hadithi wazazi wengine wa Texas walikuwa wanaizuia isifike kwa watoto wao ni hadithi ya mtoto aliyeachwa na baba wa hapa kwetu, na nawauliza, ni watoto wangapi mitaa yetu ya Nyalenda, Manyatta, Obunga, wanalelewa na mama peke yake na wangehitaji kumsikia rais wa nchi kubwa akisema hata mimi nilikuwa hivyo? Wangapi?

Sasa mtu asitoke hapa akisema Republican ni watu wabaya, juu nitawapeleka nyuma. Tarehe 1 Oktoba 1991, rais ni George H. W. Bush, yeye ndiye Republican, aliongea na wanafunzi wa nchi nzima akiwa Alice Deal Junior High School pale Washington. Aliwaambia nini? Wasome, wakatae madawa ya kulevya. Na nani walipiga kelele? Democrats, chama cha Obama! Kiongozi wao bungeni, Richard Gephardt, akasema wizara ya elimu haifai kumtengenezea rais matangazo ya siasa kwa pesa ya umma. Wakaitisha uchunguzi wa matumizi, dola 26,750 za wizara, na wakaguzi wa hesabu wakasema hakuna sheria imevunjwa.

Miaka 18 imepita, chama kikabadilika Ikulu, na malalamishi yakahama pamoja na viti. Waliosema 1991 ni propaganda, 2009 wakasema ni malezi mazuri. Waliosema ni malezi mazuri, sasa ni propaganda. Walikuwepo wachache waliokataa huo mchezo na lazima niwataje, Laura Bush, mke wa yule Bush mtoto, alisema wazi ni vizuri rais kuongea na wanafunzi, na Newt Gingrich, Republican mwingine, ambaye na Obama hawakuwa wakionana macho kwa macho alisema karibu vivyo hivyo. Hao walihukumu hotuba. Wengine walikuwa wanahukumu kiti kimekaliwa na nani.

Na sisi je, hapa Kisumu tuko tofauti? Wacha niseme ukweli na mtu asikasirike. Kuna kiongozi 2022 jina lake hatukutaka kulisikia hapa, ukilitaja Kondele unatafuta shida. 2025 ikaja serikali jumuishi, mkataba wa Ruto na Raila ukatiwa sahihi, na watu wale wale, sauti ile ile, tukampokea na nyimbo. 2018 ilikuwa hivyo hivyo na handisheki ya Uhuru na Raila. Sisemi ni makosa viongozi kupatana, amani ni kitu ya maana na sisi tumezika watoto ya kutosha kujua hivyo. Ninachosema ni mtoto wa darasa la sita alikuwa ameketi hapo sebuleni akituangalia. Alisikia baba akisema yule ni adui, alafu akasikia baba akisema yule ni rafiki, na katikati hakuna mtu alimweleza chochote. Unafikiri amejifunza nini? Amejifunza kwamba ukweli unapigiwa simu na chama.

Lakini naelewa tunaogopa, na tuna sababu ambazo Wamarekani hawana.

Wazee walio hapa wanaikumbuka tarehe 25 Oktoba 1969. Mzee Kenyatta alikuja kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Warusi, ile mpaka leo tunaiita Russia hata kama jina lake ni la Jaramogi Oginga Odinga, kiongozi wa upinzani wakati huo. Yeye na Jaramogi wakarushiana maneno mbele ya umati, vurugu ikaanza, walinzi wakafyatua risasi. Serikali ilisema waliokufa ni 11, na hakuna familia hapa Kisumu iliwahi kuiamini hiyo hesabu. Miongoni mwa waliopigwa walikuwa watoto wa shule, watoto waliotoka kumwona rais wao. Siku chache baadaye KPU, chama cha Jaramogi, ikapigwa marufuku na Jaramogi akawekwa kizuizini.

Nataka tukae hapo kidogo. Watoto walivaa yunifomu wakaenda kumwona rais. Hiyo ndiyo ilikuwa dhambi yao. Kwa hivyo mama wa Kisumu akisema mtoto wangu hatoki siku rais anakuja, usimcheke, usimwambie ni ukabila, kuna nyanya yake alimwambia kitu.

Alafu tukaja miaka ya Moi. Sisi tuliosoma wakati huo tulikunywa maziwa ya Nyayo, yalianza 1979, na mimi sitayasema vibaya, kuna watoto hicho ndicho kitu pekee walikuwa wameweka tumboni hiyo siku. Lakini si tunakumbuka pia kusimama kando ya barabara tangu asubuhi na bendera za karatasi, jua linachoma, wengine wanaanguka, tunangoja msafara upite, unapita mbio hata uso huoni? Si tunakumbuka tukikariri kiapo cha uaminifu kwa paredi? Kilianza vipi? Naahidi uaminifu wangu kwa Rais na taifa la Kenya. Rais kwanza, taifa baadaye. Marekani zoezi moja lenye maneno ya kumsaidia rais lilitingisha nchi wiki nzima likafutwa, sisi tuliimba yetu miaka na miaka, hakuna mzazi aliuliza, na angeuliza angeulizwa yeye.

Basi hapo ndipo nataka tuelewane. Kiongozi kuongea na watoto ni kitu kimoja, kiongozi kutumia watoto ni kitu kingine kabisa. Kabisa! Akija akawaambia hesabu ni muhimu, akawaeleza bunge linafanyaje kazi, akaulizwa akajibu, huyo ameongea nao. Akija wakamwimbia jina lake, wakavaa rangi zake, wakapigwa picha wakiinua vidole vya chama, huyo amewatumia, na haijalishi ni wa upande wetu ama wao. Siku hizi hata wantam na tutam, yaani rais atawale muhula mmoja ama miwili, zinaimbwa na watoto ambao hawajui muhula wa rais ni miaka mingapi. Ukicheka ukiona hiyo video juu wanaimba upande wako, wewe pia umewatumia.

Na kuna njia nyingine ya kutumia watoto ambayo tumeizoea mpaka hatuioni. Angalia basi za shule. Angalia darasa jipya likimalizika, mlango bado hata hauna kitasa lakini ukuta uko na jina la mheshimiwa kwa herufi kubwa kuliko jina la shule. Pesa ni ya nani? Ni NG-CDF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya maeneo bunge, ni ushuru, ni wewe mama ukinunua sukari na mafuta ya taa. Alafu siku ya kufungua watoto wanapangwa, mheshimiwa anafika saa tisa badala ya saa nne, masomo ya siku nzima yamepotea, anashika maikrofoni anauliza nani aliwaletea darasa, na watoto wote wanajibu, MHESHIMIWA! Hapana. Hapana, wazazi wenzangu. Ni mama yao aliwaletea. Basari nayo ni hivyo hivyo, mtoto yatima anaitwa mbele ya watu apokee cheki kubwa ya karatasi, apige magoti karibu, kwa pesa ambayo ni haki yake. Nikiwa mwalimu niliona msichana mmoja baada ya hiyo shughuli akienda kulia nyuma ya jikoni, juu sasa shule nzima inajua kwao hawana. Hiyo hakuna mtu anaita siasa, lakini ni siasa kuliko hotuba yoyote. Na hakuna mzazi aliwahi kuweka mtoto nyumbani juu ya hiyo.

Nimebaki na jambo moja na ndilo linaniuma zaidi.

Sisi tunagombania kama kiongozi aongee na mtoto. Mtoto akitaka kuongea na kiongozi je? Aprili 2025 wasichana wa Butere, hapo Kakamega tu, walienda Nakuru kwa mashindano ya kitaifa ya maigizo. Mchezo wao ulikuwa unagusa utawala na vijana. Aliyewaandikia ni Cleophas Malala, seneta wa zamani, aliyekuwa katibu mkuu wa UDA, chama cha rais, kabla wakosane. Mchezo ukazuiliwa, kesi ikaenda Mahakama Kuu, mahakama ikasema waruhusiwe. Wakafika Nakuru. Malala akakamatwa. Asubuhi ya tarehe 10 wasichana wakatoka jukwaani baada ya kuimba wimbo wa taifa peke yake, wakaondoka bila kuigiza, na nje polisi wakarusha vitoa machozi. Kwa mashindano ya shule!

Najua kuna wenye wataniambia, lakini mwalimu, huyo Malala alikuwa na siasa zake. Inawezekana, yeye ni mwanasiasa, na kama mzazi ningeuliza maswali kuhusu mwanasiasa yeyote anayewaandikia wasichana mchezo, sawa sawa na vile wale wazazi wa Marekani waliuliza kuhusu lile zoezi la barua. Uliza. Soma mchezo. Pinga. Andika barua kwa wizara. Lakini si umeona tofauti? Kule walisoma wakabadilisha sentensi moja, na hotuba ikaendelea. Hapa tulipeleka vitoa machozi. Na hao watu wazima wa vyama vyote walioongea kwa televisheni wiki hiyo nzima, upande huu na ule, ni wangapi walitaja mitihani ya hao wasichana, ama hofu yao, ama usiku waliolala wakiwa hawajui kesho itakuwaje? Kila mtu alikuwa anaongea juu ya Malala na serikali. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, inasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza kwa kila jambo linalomhusu. Ya kwanza. Kabla ya chama, kabla ya rais, na kabla ya sisi wazazi na hasira zetu.

Kuna kitu kuhusu ile siku ya Wakefield ambacho hakisemwi sana. Kabla Obama atoe hotuba aliketi kwenye maktaba ya shule na wanafunzi, wakamuuliza maswali. Mmoja akamuuliza ukipewa nafasi ya kula na mtu yeyote, aliye hai ama aliyekufa, ungechagua nani, akasema Gandhi. Mwingine akataka ushauri wa mtu anayetaka kuwa rais siku moja, akamwambia kwanza chunga vitu unaweka Facebook. Maswali ya kawaida ya watoto. Lakini yalikuwa maswali yao, hakuna mtu aliwaandikia, na rais alilazimika kufikiria kabla ya kujibu. Mimi hiyo ndiyo napenda kuliko hotuba yenyewe.

Kwa hivyo naomba bodi yetu, na hii nimeiandika nitampa mwenyekiti. Kiongozi yeyote akitaka kuja kwa shule yetu, awe rais, gavana, MCA yaani mwakilishi wa wadi, askofu mwenye anataka kugombea, atuletee mapema kile anataka kusema, wazazi wakisome. Nyimbo za kusifu mtu hapana, rangi za chama hapana, za upande wowote. Hakuna mtoto kusimama kwa jua zaidi ya nusu saa, akichelewa atupate darasani. Mzazi ambaye hataki mtoto wake awepo, aheshimiwe, mtoto akae maktaba na mwalimu na asiulizwe na mtu. Na nusu ya muda wa huyo mgeni iwe ya watoto kuuliza, na walimu wasiyachunge hayo maswali ati yasimkasirishe mkubwa, akikasirishwa na swali la mtoto wa grade 7 basi sisi tujue mapema ni mtu wa aina gani tunampigia kura. Jioni nyumbani, mzazi, kabla hujasema maoni yako, muulize mtoto amesikia nini. Umngoje amalize.

Najua wazee wako na mengi ya kusema, na naona baba mmoja pale tayari amesimama, baba samahani, kaa kidogo. Mwenyekiti, kwa ruhusa yako, wale wanafunzi wa grade 8 waliotusaidia kupanga viti waje hapa mbele wapewe maikrofoni, wao ndio waulize kwanza, waniulize mimi, waulize bodi, na tusiwakatize.